Mashine Iliyokimbia Yenyewe

Juzi fundi alikuja kwangu kutazama mashine ya kufulia. Alipoufungua mgongo wake tu, harufu ikatoka kabla yeye mwenyewe hajasema neno: mpira uliopata moto, vumbi la kaboni, na sabuni ya zamani iliyogandia pembeni. Nilikuwa nimesimama karibu naye na kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka chini, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Fundi alidhani nimeudhika. Alinifuata kuniambia nisiwe na wasiwasi, shida ilikuwa ndogo tu, nami nikamjibu kwamba ninaijua. 

Ninyi mliolingana nami umri, hasa mliokulia katika nyumba za wafanyakazi huku kwenye majani chai, hamhitaji kuelezwa habari za mvua ya Kericho. Asubuhi jua linawaka mpaka unajisahau, unaanika kila kitu, halafu baada ya chakula cha mchana wingu linashuka kutoka upande wa msitu na kila mama anakimbilia kamba. Utoto wangu mzima ulinuka nguo ambazo hazikukauka. Soksi zetu zilining'inia juu ya jiko la makaa, na shuleni ungeweza kumjua mtoto wa kota yetu kwa kufumba macho na kumnusa sweta.

Kwetu ni upande wa ziwa, lakini mimi nilizaliwa hapo hapo shambani, katika zahanati ambayo mama yangu alikuwa nesi. Baba alikuwa fundi wa umeme wa kiwanda cha majani chai. Sare za Mama zilikuwa nyeupe, na udongo wa kule ni mwekundu, kwa hiyo vita vya nyumba yetu vilikuwa vita vya kufua. Alipozaliwa mdogo wangu Omondi, zikaongezeka nepi. Ndipo meneja mmoja mzungu alipomaliza kazi yake na kuuza vyombo vya nyumba kabla ya kurudi kwao, na Baba akaja na mashine ya kufulia juu ya trela ya trekta, ameikumbatia kama mgonjwa.

Hakuna aliyewahi kuwa na kitu kama hicho pale kota. Ilikuwa nyeupe, fupi, na mlango wa kioo cha duara tumboni. Siku ile haikuzunguka. Baba alisema kaboni za mota, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme, zimelika. Akaifungua, akaitoa mota, akaiweka mezani juu ya gazeti, na kwa jioni kadhaa alikuwa akitoka zamu na kukaa mbele yake akipiga mluzi. Alichonga kaboni nyingine kwa msasa mpaka zikaingia. Alipoirudisha mota na kuwasha, mashine ikaimba. Tulikaa sakafuni mbele ya kile kioo, mimi na watoto wa majirani, tukitazama nepi za Omondi zikipinduka. Kilichomfurahisha Mama zaidi ni mwisho wake, pale mashine ilipokamua. Nguo zilitoka zimekaribia kukauka. Aliishika sare yake ya kwanza akaiweka shavuni.

Na huko kuzaliwa kwa Omondi ndiko kulikomleta kwetu Chelangat. Alitoka Kiptere, kwa nyanya yake aliyemlea. Alikuwa amemaliza darasa la nane na hakuendelea. Mimi nilikuwa darasa la tatu na nilimwona mtu mzima kabisa, ingawa sasa nikipiga hesabu naona alikuwa msichana tu. Alikuwa mrefu, ana mwanya, na alipokuwa akipika aliimba nyimbo za kanisani kwa Kikipsigis. Nilijifunza lugha yake bila kujua kwamba ninajifunza. Nikiomba maji kwa Kiswahili, alijifanya hasikii mpaka niombe kwa Kikipsigis. Baba na Mama walijua salamu tu, "chamgei", na "kongoi" ya kushukuru. Mimi baada ya muda niliota kwa Kikipsigis. Alikuwa na chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, ambayo aliipaka Jumapili. Mimi alinipaka kidole kimoja tu, kile kidogo, ili Mama asione.

Baba alimfundisha Chelangat kuitumia mashine. Alimwonya jambo moja: ile swichi ya mviringo ya kuchagulia kufua au kukamua, usiizungushe kamwe mashine ikiwa inatembea. "Ukiizungusha, utaiua," alimwambia. Chelangat akaitikia kwa kichwa, na kwa miezi mingi sikumwona akiigusa mpaka maji yawe yametulia kabisa.

Jumamosi moja Mama alikuwa zamu, Baba yuko kiwandani. Mimi nilikuwa mezani nakula viazi. Omondi alikuwa amelazwa kwenye mkeka, hapo hapo jikoni. Chelangat alikuwa ametia sare mbili za Mama pamoja na blanketi la mtoto. Mashine ilianza vizuri, halafu ikashtuka, ikasimama, ikashtuka tena, kama mtu mwenye kwikwi. Chelangat akaacha kukatakata mboga, akaitazama. Hakuwa karibu nayo. Nasema hivi kwa sababu nilikuwepo.

Kisha ikanguruma. Sijui nieleze vipi ule mlio. Ilikuwa imejaa maji, na badala ya kuzunguka polepole, iliruka moja kwa moja kwenye mbio za kukamua, na kupita hata hizo. Ikaanza kutembea. Ilitoka ukutani ikija kwetu kwa miruko mifupi, ikigonga sakafu, bomba likachomoka, maji yenye povu yakasambaa. Chelangat alimnyakua Omondi akanitupia mikononi. "Toka naye, Achieng'! Toka!" Nilitoka. Kutoka mlangoni nilimwona ameikumbatia mashine kwa kifua, miguu inateleza, mkono mmoja unaitafuta ile swichi. Akaizungusha. Swichi ikavunjikia mkononi mwake na mashine haikusikia. Akaiachilia, akaenda ukutani, akaung'oa waya wa umeme kwa mikono iliyolowa.

Kimya kilichofuata kilinitisha kuliko kelele. Chelangat alitoka nje, gauni limemgandia miguuni, kidevu kimechunika, na kile kipande cha swichi bado amekishika. Nyuma yake ikatoka harufu ile ya mpira. Alimchukua Omondi, akamtazama kichwa, mikono, miguu, kisha akakaa chini akampakata.

Baba ndiye aliyefika kwanza, Mama nyuma yake kidogo. Waliona jikoni maji, mashine imesimama katikati ya chumba, ndani ya kioo sare zimejisokota na blanketi, mkono mmoja wa sare umechanika begani. Na waliona swichi iliyovunjika.

"Nilikuambia usiizungushe," Baba alisema. Hakupaza sauti.

"Nilizungusha ndiyo izime, Baba Achieng'. Ilikuwa imeanza kukimbia yenyewe."

"Mashine haikimbii yenyewe, Chelangat."

"Haki ya Mungu ilikimbia."

"Mimi nafanya kazi na mota kila siku. Mashine haikimbii yenyewe. Sema tu uliigusa."

Nikasema ni kweli, iliruka yenyewe, mimi niliona. Mama alinigeukia. "Wewe nyamaza. Huyu ni rafiki yako, utamtetea hata akichoma nyumba." Niliendelea kusema, nikachapwa kofi la mgongo, nikalia, na kilio changu kikamaliza ushahidi wangu. Chelangat hakusema tena. Nilikuwa nimemzoea akiwa na jibu la kila kitu, na ule unyamavu wake wakubwa waliuchukua kuwa ni kukubali.

Mama hakuwa mtu mkali. Lazima niliseme hilo, kwa sababu wanaomkumbuka pale zahanati wanamkumbuka kwa upole. Lakini alikuwa amechoka, hapati usingizi kwa ajili ya mtoto, na zile sare zilikuwa kitu pekee alichojivunia. Kesho yake asubuhi alimwambia Chelangat afungashe. Chelangat alipotoka barazani na mfuko wake, majirani walikuwa wanakwenda kanisani. Mama akamsimamisha.

"Hebu tuone umebeba nini."

"Mama Achieng', ni nguo zangu tu."

"Kama ni zako tutaona. Mtu anayeweza kudanganya juu ya mashine, anaweza kudanganya juu ya kitu kingine."

Akaumwaga mfuko barazani. Mama Kiprono wa nyumba ya pili alisimama na Biblia yake kwapani, na watoto wake, na wengine nyuma yao. Yalianguka magauni mawili, sweta, chupi, kitana, kipande cha sabuni kilichofungwa kwa karatasi. Hakukuwa na kitu chetu hata kimoja. Chelangat alipiga magoti akarudisha vitu vyake, akianza na chupi, akaondoka bila kuaga mtu. Mimi nilidhani anakwenda mapumziko. Alikuwa akienda Kiptere mara moja moja na kurudi na mahindi ya kuchoma, na mpaka jioni nilikuwa bado naamini hivyo.

Baada ya hapo nyumba ilibadilika. Mama Kiprono alikuwa akimshika Omondi mchana, na mimi nikitoka shule nilimbeba mgongoni kwa leso mpaka Mama arudi. Nepi zilirudi kwenye karai, na soksi juu ya jiko. Mashine ilikaa pale pale ilipokomea, imefunikwa shuka. Msimu ule majani yalikuwa mengi, kiwanda hakilali, na Baba hakuwa na siku.

Hatimaye alipata Jumapili ya mapumziko. Baada ya kanisa, akiwa amevua shati la kanisani na kubaki na fulana, alilitoa lile shuka. Mama akakaa naye chini akimshikia tochi na bisibisi. Nilipenda kuwaona hivyo. Mimi nilikuwa mlangoni na Omondi mgongoni, nikijitikisa alale.

Baba alianza na swichi, kwa sababu alikuwa ameshaamua kwamba shida iko pale. Aliifungua akitarajia kukuta imeungua. Haikuwa imeungua. Ilikuwa imevunjika shingo tu, lakini tumboni ilikuwa nzima, vyuma vyake vinang'aa. Aliigeuza mara kadhaa. Akaishika kwa koleo mahali palipovunjika, akaiweka kwenye kufua, akamwambia Mama achomeke waya.

Mashine ilishtuka. Ikasimama. Ikashtuka tena. Baba alikuwa ameshaondoa mkono, koleo liko sakafuni, hakuna aliyeigusa. Kisha ule mngurumo ukaanza kupanda.

"Chomoa!" Baba akapiga kelele. "Chomoa!"

Mama akachomoa. Wakatazamana. Pipa la ndani lilichukua muda kusimama, nami nikasema, "Ndivyo ilivyofanya."

Baba aliinama nyuma ya mashine, akautoa mkanda, akaitoa mota, akaileta kwenye mwanga wa mlango karibu na miguu yangu. Alizitazama kaboni zake, zilikuwa nzuri. Akaigeuza upande wa mkia, akakitoa kifuniko kidogo cheusi, na ndani yake nikaona duara la waya mwembamba sana wa shaba.

"Ni hii sensa," alisema.

"Sensa gani?" Mama akauliza.

"Ndiyo inayohesabu. Unaona, hapa mkiani mwa mota kuna sumaku, inazunguka pamoja nayo. Huu waya unahesabu mizunguko, unaiambia mashine, sasa mota inakwenda polepole, sasa inakwenda mbio. Bila kuhesabiwa, mashine haijui chochote."

Mimi sensa niliyoijua ni moja. Watu wa sensa walikuwa wamepita kota yetu si zamani, wakauliza nani amelala katika nyumba hii, wakaandika kwa chaki juu ya mlango. Mama alitutaja wote, na Chelangat. Kwa hiyo nilielewa mara moja. Mashine nayo ilikuwa na sensa yake, ilikuwa imehesabu watu wa nyumba yetu na kukuta hawatoshi, ndiyo sababu imegoma. Kwamba iliharibika kabla Chelangat hajaondoka, hilo halikunisumbua.

"Ni kwa sababu Chelangat hayuko," nikasema.

Mama aliniangalia kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuangaliwa nayo, nikadhani nimekosea tena, nikajitayarisha kwa kofi.

Baba aliupima ule waya kwa mita yake ya kiwandani. Sindano ikapanda. Waya ulikuwa mzima. Basi akaigusa sumaku yenyewe, kile kisahani cheusi kilichokaa kwenye ncha ya chuma, akaisukuma kwa kidole. Kisahani kikazunguka. Chuma hakikuzunguka. Akakisukuma tena, kikazunguka chenyewe, kwa wepesi, kama kifuniko cha chupa. Katikati yake kulikuwa na skrubu ndogo, na ilikuwa imelegea mpaka unaweza kuitoa kwa ukucha.

Alikaa akiitazama kwa muda mrefu. Nimeufikiria sana muda ule tangu niwe mkubwa. Mama hakujua chochote juu ya mota. Angeweza kusema sumaku imechoka, au meneja alimuuzia kitu kibovu, au hata kwamba ule mruko wa Jumamosi ndio ulioilegeza, na hakuna ambaye angembishia mpaka leo.

"Ni nini?" Mama akauliza.

"Mota inazunguka, sumaku imekaa. Mashine inafikiri mota imelala, kwa hiyo inaipa moto. Inaona bado imelala, inaipa tena. Inakwenda mpaka inapasuka." Akaigusa ile skrubu kwa ukucha. "Ilikimbia yenyewe."

"Na hiyo skrubu?"

"Niliifungua mimi, wakati ule wa kaboni. Nikaifunga mimi." Akaigeuza mota, akaigeuza tena. "Sikuikaza, Mama Achieng'. Nilikuwa nimechoka, nikaiacha."

Mama aliiweka tochi chini ikiwa bado inawaka. "Kwa hivyo yule msichana..."

"Hakufanya kitu. Aliizima."

"Omondi alikuwa hapa chini," Mama akasema taratibu, akiutazama mkeka. "Alikuwa hapa." Kisha akauficha uso wake kwa mikono yote miwili, na sauti iliyotoka ndani ya ile mikono ilisema, "Nami nikamwaga chupi zake mbele ya watu."

Baba aliisafisha ile sumaku, akairudisha mahali pake, akaikaza skrubu. Alisema inahitaji kitu cha kuishika isilegee tena, kiwandani wana dawa yake, lakini leo ni Jumapili. Mama akainuka akaenda chumbani. Alirudi na chupa ndogo ya rangi ya kucha. Siku ile ya barazani ilikuwa imebingirika chini ya kiti, na yeye akaiokota akaiweka, bila kumwambia mtu. Baba alidondosha tone moja juu ya skrubu. Walingoja likauke, wote wawili wakilitazama lile tone jekundu, kisha akarudisha kila kitu na kuwasha.

Mashine ilizunguka vizuri, polepole, kama siku ya kwanza. Nilipiga makofi. Baba aliizima kabla haijamaliza.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Kiptere, wote wanne, tumevaa nguo za kanisani. Mama alibeba sukari na mkate, na ile chupa ndani ya mkoba. Kutoka sokoni tulitembea kwa njia ya miguu kati ya mashamba madogo ya majani chai, Baba mbele akiuliza njia kwa Kiswahili na mimi nikiwasikia watu wakiulizana kwa Kikipsigis, hawa wanamtafutia nini msichana wa Kogo. Kogo ni nyanya. Njiani Baba alikuwa akisogeza midomo, anafanya mazoezi ya atakayosema.

Chelangat alikuwa shambani na kikapu mgongoni. Alituona kutoka mbali akasimama wima katikati ya majani, hakuja mbio kama nilivyotarajia. Mimi ndiye niliyekimbia. Alinishika kichwa, akakibana tumboni mwake, lakini macho yake yalikuwa kwa wazazi wangu.

Nyanya yake alitukaribisha ndani kwa furaha kubwa. Alikuwa mdogo wa mwili, masikio yake yametobolewa kwa mtindo wa zamani, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "karipu, karipu" na kucheka. Alituketisha kwenye viti, Chelangat akabaki amesimama kando yake ili atafsiri.

Baba alisimama, kofia mkononi. "Chelangat, mwambie nyanya yako kwamba tumekuja kuomba msamaha. Tulikulaumu kwa kosa ambalo si lako. Kosa lilikuwa langu mimi. Mwambie hivyo, langu mimi."

Chelangat alimtazama nyanya yake. Kisha akasema, kwa Kikipsigis, sauti yake imetulia: "Anasema wamekuja kukusalimia. Anasema kazi yangu ilikuwa nzuri."

Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kongoi."

Mama naye akasimama. "Mwambie mimi ndiye niliyekufukuza. Mwambie nilimwaga vitu vyako barazani, watu wanaona, na hukuwa umechukua kitu. Mwambie naona haya. Siwezi kulala kwa haya."

"Mama wa mtoto anasema nilikaa kwake kama binti yake," Chelangat akatafsiri. "Anasema anaona haya kwa sababu walichelewa kuja kukushukuru. Nilikuwa mapumziko ya kazi, ndiyo nikaja nyumbani."

Nilimwangalia. Nilikuwa mwanafunzi ambaye alikosolewa kila siku kwa tafsiri zake, na nilichofikiri ni kwamba Chelangat amekosea. Nilifungua mdomo ili nimsaidie. Aliniona. Alinitazama moja kwa moja na hakuondoa macho, nami nikatabasamu, nikidhani ni kwa sababu alikuwa amenikumbuka.

Bibi aliinuka akamshika Mama mikono. Alisema maneno mengi. Alisema mjukuu wake hana mama, na kila siku anaomba Mungu ampeleke kwenye nyumba ya watu wazuri, na leo ameona kwamba Mungu alisikia. Chelangat aliyatafsiri haya kwa kifupi sana: "Anasema asante kwa kuja."

Mama akalia. Alilia kama mtu aliyeshushiwa mzigo, mpaka bega linaruka.

"Analia nini?" bibi akauliza.

"Watu wa upande wa ziwa hulia wakifurahi," Chelangat akamjibu.

Bibi akacheka, akamimina mursik kutoka kwenye kibuyu, yale maziwa mazito yaliyolala na majivu, akampa Mama kikombe cha kwanza. Mama, ambaye siku zote alisema hayawezi, alikinywa chote, akaongezwa.

Tulipotoka, Chelangat alitusindikiza mpaka kwenye njia. Mama akampa ile chupa. Akaitazama, akaitia mfukoni.

"Rudi nyumbani, Chelangat," Mama akasema. "Kama si kwa ajili yetu, basi hata kwa Achieng'."

"Nimesikia yote, Mama Achieng'. Hakuna shida. Lakini sirudi." Alikuwa anazishika nywele zangu, anazifuata mistari kwa kidole. "Naenda Sotik kwa shangazi, anifundishe cherehani."

Alikwenda kweli. Miaka ya baadaye sare zangu za sekondari alizishona yeye, na alinipima mabega akiongea habari nyingine.

Tulianza kurudi. Baba alikuwa amevaa kofia yake tena, na Mama alikuwa akitembea kwa hatua nyepesi, ameinua uso. "Yule mama ana moyo," akasema. "Umwambie mambo kama yale, na bado akupe maziwa." Baba akaitikia, "Enyewe ana moyo."

Nami, kwa fahari ya mtu anayejua jambo ambalo wakubwa hawalijui, nikasema, "Lakini Chelangat hajui kutafsiri."

"Kwa nini?"

Nikawaeleza. Niliwaambia kila sentensi, kwanza kwa Kikipsigis kuwaonyesha kwamba naikumbuka, kisha kwa Kiswahili. Niliwaambia habari ya mapumziko ya kazi, na ya binti, na lile ombi la bibi kwa Mungu. Nilipofika pale aliposema Mungu alisikia, Mama alikuwa amesimama. Nikamaliza na ya watu wa ziwa, nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Mama aliishika miti ya ua uliokuwa kando ya njia. Nilidhani ni yale maziwa.

"Turudi?" Baba akauliza.

"Turudi tukaseme nini?" Mama alimjibu bila kugeuka. "Nimvue nguo mara ya pili, tena mbele ya nyanya yake?"

Mvua ya mchana ilikuwa imeanza kushuka kutoka upande wa msitu, tukatembea ndani yake, na hakuna aliyeharakisha.

Tulipofika nyumbani Mama hakubadilisha hata viatu. Alichukua blanketi la Omondi na nepi, akapita mbele ya mashine, akaliweka karai barazani chini ya paa, akapiga magoti kwenye saruji ile ile na kuanza kufua kwa mikono. Alisugua kwa nguvu, povu likimrukia kwenye gauni la kanisani. Baba alisimama mlangoni akimtazama. Halafu akaikunja mikono ya shati lake, akashuka, akashika ncha ya pili ya blanketi. Wakalisokota, yeye huku na yeye kule, maji yakimwagika kati yao.

Nikauliza kama mashine imeharibika tena.

"Hapana," Baba akasema. "Mashine ni nzima."